Alama za Karatasi Tupu

Ahero, 9 Februari 2025

Mpendwa Byron,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi wazima, ila mama yako goti linamsumbua tena na amekataa kupumzika. Jana nilimkuta ameinama kwenye mpunga kama msichana wa miaka ishirini, nikamfokea, akanijibu kwamba mpunga haujui kama ana goti. Kuku wangu wawili wameibwa. Kanisani wamenichagua tena kuongoza akina mama, na nimekubali, kwa sababu nikikataa kazi inalala.

Nimepata ujumbe wako wa simu, nimesomewa, lakini usirudie. Nilishakwambia ujumbe wa simu siusomi. Herufi ni ndogo na kile kioo kinaniumiza. Ukitaka kusema na mimi, andika kwa kalamu, herufi kubwa, uweke barua ndani ya kifurushi kinachorudi na basi. Shangazi yako nimeuguza macho ya watu miaka thelathini kwa kalamu na karatasi, na hakuna aliyelalamika.

Sasa kazi yako. Utakuta karatasi za nailoni angavu ishirini, namba 41 mpaka 60. Kila moja nimeilaza juu ya picha yake, picha ya nyuma ya jicho la mgonjwa, nikaifuata mishipa ya damu mmoja mmoja kutoka pale inapochomoza mpaka vitawi vya mwisho. Ulisema mashine yako itajifunza kwa kunakili mkono wangu. Vizuri. Halafu unaniandikia kwamba mistari ya Shangazi ni minene. Minene! Picha moja inanila saa tatu, shingo inakakamaa, chai inapoa mezani, na wewe umekaa Nairobi unapima unene wa mistari yangu.

Nakukumbusha kwa nini nilikubali kazi hii. Mwaka jana kwenye kambi ya macho huko ufuoni, Wechuli, mpiga picha wetu wa macho, alimpiga picha mvuvi mmoja mwenye sukari. Picha ikakaa miezi mitatu ikimngoja daktari aje kuisoma. Daktari alipokuja, yule mtu aliletwa ameshikwa mkono. Nataka mashine itakayosoma picha siku ile ile na kusema, huyu aende hospitali leo. Ukinitengenezea hiyo, nitachora mpaka vidole vipinde. Jumamosi tu sichori, Sabato unaijua.

Shangazi yako anayekupenda hata akikasirika,
Lornah


Nairobi, 2 Machi 2025

Kwa Shangazi Lornah,

Natumaini barua hii inakukuta salama na goti la Mama limetulia. Pole kwa kuku. Mimi ni mzima, ila hapa hosteli maji hukatika kila baada ya siku mbili, na mwenzangu wa chumbani anakoroma kama jenereta. Nimeandika herufi kubwa kama ulivyoagiza. Barua ya ukurasa mmoja imekuwa kurasa tatu.

Pole pia kwa lile neno. Sikupaswa kulisema, ingawa ni kweli ni minene. Usinune.

Ngoja nikueleze kinachonitesa. Programu yangu inachukua picha ya jicho, inabakiza rangi ya kijani peke yake kwa sababu hapo ndipo damu inaonekana vizuri, halafu inatafuta kila kitu chembamba, kirefu na cheusi. Inachora ilichokiona. Kisha ninalinganisha mchoro wake na wako, kinukta kwa kinukta, na inapata alama kwa mia. Shida ni kwamba inachora kila kitu. Damu iliyovuja, inachora. Ukingo wa kovu, inachora. Wiki iliyopita ilichora unywele wa kope za mgonjwa, ikaufuata kwa bidii mpaka mwisho. Nilitaka kulia.

Sasa ina tisini na moja. Msimamizi wangu, Dkt. Njenga, anataka tisini na tano, la sivyo hataniruhusu kuitetea kazi yangu mbele ya jopo mwezi wa Septemba. Nilipomwonyesha alisema, "Byron, bwana, tisini na moja kila mtu anayo." Miezi sita nimekwama hapo hapo. Nikirekebisha huku, kule kunaharibika.

Nitumie ishirini zinazofuata mapema, tafadhali. Na ile mishipa myembamba kabisa usiiache.

Mwanao,
Byron Ouma


Ahero, 23 Machi 2025

Mpendwa Byron,

Huku kuna joto na mawingu yamejaa juu ya milima ya Nandi, tunajua yatakapomwagikia. Mama yako anakusalimu. Wechuli pia anakusalimu, na anasema kope si kosa la kamera yake, ni kosa la mgonjwa kukonyeza.

Hizi hapa nailoni 61 mpaka 80. Nataka uache zote uangalie namba 61 kwanza. Hiyo na 62 ni macho ya mtu mmoja, la kulia na la kushoto. Ni mama mmoja wa hapa hapa kwetu, ana sukari mwaka wa kumi na mbili. Kwenye 61, karibu na pale mishipa inapochomoza, nimechora kitu. Utakiona, ni vimishipa vyembamba vimejisokota pamoja kama uzi uliochezewa na paka. Kama ni kweli vipo, ni vile vipya, vinavyoota jicho likianza kuharibika. Hivyo vikipasuka, jicho linajaa damu.

Niambie mashine yako inaona nini pale. Usiniulize mbona huyo mama haendi hospitali kubwa Kisumu. Ana sababu zake. Anafanya kazi inayotaka macho, amebakiza miaka miwili kustaafu, na hospitali nzima inamjua. Akionekana kwenye benchi la wagonjwa asubuhi, kufikia saa nane kila mtu anajua. Anataka kwanza ajue kama kweli kuna kitu. Nimemwahidi jibu.

Nijibu haraka, Byron. Mtu anasubiri.

Shangazi yako,
Lornah


Nairobi, 27 Aprili 2025

Kwa Shangazi Lornah,

Nisamehe kwa kuchelewa. Nimesikia barabara imekatwa na maji, na watu wa bonde la Kano wameanza tena kulala shuleni. Mama aliniambia kwenye simu kwamba nyumba yako bado iko salama. Je, ni kweli au ananituliza tu? Mimi nilikuwa na homa wiki moja, halafu nikawa na furaha wiki mbili, ndiyo sababu ya kimya.

Shangazi, tumefika tisini na tano! Tisini na tano nukta mbili! Dkt. Njenga alinipa mkono. Nimeongeza hatua moja mwishoni ninayoiita kusafisha. Kila kipande kifupi cha mstari kisichoungana na mshipa mkubwa kinafutwa, kwa sababu mara nyingi ni takataka. Kope zote zimekwisha. Pili, nimeondoa picha kumi na nne zilizokuwa zinaniharibia alama, zile zenye damu nyingi na makovu, ambazo hata mtu hawezi kuzisoma vizuri. Namba 61 ni mojawapo.

Kuhusu 61, niliipitisha kwenye programu kabla ya kuitoa. Pale ulipochora ule uzi wa paka, programu haina kitu. Peupe kabisa. Nilikuza picha nikatazama kwa macho yangu pia, nikaona kama kivuli tu, labda vumbi kwenye lenzi ya Wechuli. Kwa hiyo mwambie huyo mama atulie. Na wewe, Shangazi, nadhani umefika wakati wa kubadilisha hiyo miwani.

Nacheka tu. Nimefurahi, ndiyo maana.

Mwanao,
Byron


Ahero, 1 Juni 2025

Mpendwa Byron,

Mama yako alikuwa anakutuliza. Maji yaliingia mpaka magotini. Tulilala kanisani siku kumi na moja, mimi, yeye, na familia nyingine tisa, na mtoto mchanga aliyekuwa akilia kwa zamu na mbwa wa mchungaji. Mpunga wa chini umekwenda wote. Sanduku lenye picha zako nililibeba kichwani, kwa hiyo usinisumbue, ziko kavu. Matope ndani ya nyumba nimeyakwangua kwa jembe.

Jibu lako nilimfikishia yule mama. Nilimwambia, mashine imetazama na kijana wa chuo kikuu ametazama, wote wanasema ni kivuli. Alishukuru sana. Siku hiyo alipika chapati, akala tatu na chai yenye sukari, kitu ambacho hajakifanya tangu mwaka jana.

Ila kuna jambo limenikaa kooni. Hizo kumi na nne ulizotupa, umesema ni zile zenye damu na makovu. Byron, hao ndio wagonjwa. Wale wengine wana macho mazima, hawahitaji mashine yako, wanahitaji kurudi nyumbani wakapike. Unatengeneza mashine ya kusoma macho ambayo yakiwa mabaya haitaki kuyaona? Hebu nifafanulie pia hizo alama zinahesabiwaje, maana mimi nilidhani ukikosa mgonjwa mmoja umekosa.

Nakutumia nailoni sita tu. Samahani kwa mwandiko, meza iko nje na mwanga si mzuri.

Shangazi yako,
Lornah


Nairobi, 29 Juni 2025

Kwa Shangazi Lornah,

Pole sana kwa mafuriko. Ningekuja, lakini kila wiki Dkt. Njenga ananitaka niwe mezani. Nimemwambia Mama asijaribu kupanda tena kule chini, na najua hatanisikia.

Nitasema bila kuzunguka kwa sababu nimechoka. Nailoni sita ulizotuma hazifai. Mishipa myembamba haipo kabisa. Namba 83 mstari umekatika mara nne. Namba 84 mshipa umetoka nje ya jicho ukaenda kuishia pembeni mwa karatasi. Kama umechoka, sema. Kama unanikomoa kwa sababu ya zile kumi na nne, sema pia. Nilikutegemea wewe, Shangazi, mkono wako ndio jibu la mtihani, na jibu likiwa bovu mimi nimekwisha.

Uliuliza alama zinahesabiwaje. Nilikaa nikuandikie maelezo, nikaona nijaribu mfano mmoja kwanza. Nilichukua karatasi tupu. Sikuchora kitu, hata mstari mmoja, nikaipa ishindane na mchoro wako wa namba 50. Ilipata themanini na nane.

Nilirudia nikidhani nimekosea. Themanini na nane. Sababu ni rahisi na ni ya kijinga: sehemu kubwa ya picha ya jicho haina mshipa. Ukinyamaza kimya kila mahali, unakuwa umepatia karibu kila mahali. Kwa hiyo ile tisini na tano yangu niliyopewa mkono ni hatua saba tu kutoka kwa karatasi tupu. Mwaka mzima nimepigania hatua saba.

Nilimwambia Dkt. Njenga. Akasema, "Hiyo inajulikana. Kila mtu anaripoti hivyo hivyo. Tetea kwanza, utarekebisha baadaye." Basi nitanyamaza mpaka Septemba. Nimekasirika na sijui nimkasirikie nani.

Byron


Ahero, 20 Julai 2025

Byron,

Sisi wazima. Mama yako mzima.

Karatasi tupu inapata themanini na nane! Shule gani hiyo? Mimi nilirudia darasa la saba kwa kukosa hesabu mbili, na kwenu mtoto asiyeandika kitu anapewa themanini na nane na kupongezwa!

Sikukomoi. Sina muda wa kukukomoa. Nimechora ninavyoweza.

Irudishe namba 61. Ipitishe tena bila huko kusafisha kwako. Umesema unafuta kila kipande kifupi kisichoungana na mshipa mkubwa. Sasa mishipa mipya inaota vipi, kwani? Inaota vipande vifupi, vimejitenga, vimejikunja. Ndivyo nilivyokuchorea mwezi wa tatu. Hukuona peupe, Byron. Ulipafanya peupe wewe mwenyewe, kisha ukaniambia ni peupe.

Yule mama anaona nyuzi nyeusi zikielea mbele ya jicho la kulia. Akitazama ukuta mweupe zinapita kama mbu. Nataka jibu lingine, na nalitaka upesi.

Lornah


Nairobi, 17 Agosti 2025

Kwa Shangazi,

Salamu. Nimeisoma barua yako mara tatu na sikupenda nilichokisoma, ila nitajibu kwa heshima.

Siwezi kuirudisha 61. Kitabu changu cha utafiti kimeshafungwa na kupelekwa kwa jopo. Natetea tarehe 11 Septemba. Nikiirudisha picha moja lazima nizirudishe zote kumi na nne, nikiondoa kusafisha alama zinaporomoka, na Dkt. Njenga atasema nimemvua nguo mbele ya wenzake. Baada ya kutetea nitafanya yote unayotaka. Siku ishirini na tano tu.

Na mimi si daktari, Shangazi. Kama huyo mama anaona nyuzi, aende hospitali. Wewe umefanya kazi hii miaka thelathini, unajua jibu kuliko mimi. Kwa nini unamzuia? Sababu gani hiyo kubwa kuliko jicho? Sielewi kwa nini mzigo wa mtu nisiyemjua umewekwa kichwani kwangu mwezi huu.

Jambo jingine. Mama anasema ulimpita sokoni Ahero, karibu kabisa, hukumsalimu. Alikuita ukageuka upande mwingine. Amenuna. Kama mmegombana, msinifiche.

Byron


Ahero, 2 Septemba 2025

Mpendwa Byron,

Anayeandika ni Wechuli, mimi nasema. Nimemwonya asiongeze lake. Anasema haongezi.

Salamu kutoka kwa wote. Mpunga mpya umeota vizuri. Sikugombana na mama yako. Siku ile sokoni nilisikia sauti yake na sikujua inatoka upande gani, nikaona haya kuuliza. Nimeshamwambia. Amelia, kisha amenitukana, kisha amenipikia.

Ndani ya bahasha kuna nailoni moja. Nimeiandika namba mwenyewe pale pembeni, 61, kwa ile kalamu nene ya kuandikia magunia. Kwingine haina kitu. Hiyo ndiyo picha ya jicho hilo nilivyoliona juzi. Nililifumba la kushoto, nikakaa mbele ya picha kwa la kulia, nikachora nilichokiona. Ipe alama. Najua itapata themanini na nane.

Ni jicho langu, Byron. Wechuli alinipiga picha mwezi wa tatu tulipokuwa tunafunga kambi, nikamwapisha asiseme. Anasema niseme kwamba alikataa mara mbili. Ni kweli, alikataa mara mbili.

Tarehe 28 Agosti asubuhi nilikuwa nakoroga uji, kikaingia kitu chekundu jichoni kutoka chini, kikapanda. Sikuhisi maumivu. Nilimaliza kukoroga, nikakaa chini. Hospitalini nilikaa kwenye lile benchi, mbele ya kila mtu, na walinipita wakinisalimu wakidhani nimeleta mgonjwa. Daktari ni msichana niliyemfundisha mimi kushika tochi. Alitazama muda mrefu. Alisema kama ningekuja Machi wangevichoma vimishipa kwa mionzi ya leza kabla havijapasuka. Sasa watangoja kuona kama damu itashuka, na hakuna anayeniahidi kitu.

Nakulaumu. Nataka ujue hivyo, kwa sababu nikisema sikulaumu nitakuwa naongopa na wewe utajua. Uliniambia kivuli, ukanicheka miwani. Lakini najilaumu mimi mara mbili zaidi. Nilikuwa nimeviona. Nilivichora kwa mkono wangu, bila kutetemeka, na kila mgonjwa niliyemwona na vitu vile kwa miaka thelathini nilimfukuza aende hospitali siku hiyo hiyo. Ila hivyo vilikuwa vyangu. Nikatafuta mtu wa kuniambia havipo, na nikakupata wewe na mashine yako. Chapati zile nilizila mimi.

La kushoto daktari amenipa tarehe 18 Septemba, kupigwa leza. Sijaamua. Palizi ya mpunga haijaisha, na hili la kushoto naona nalo vizuri tu. Kwenye 62 mwenyewe sikuchora kitu kibaya. Hata wewe hukuwahi kuitaja.

Nenda katetee kazi yako. Uvae lile koti la marehemu baba yako. Wechuli ananiambia nimechoka, eti niache. Nimechoka kweli, nyathina, mwanangu.

Shangazi yako,
Lornah

Byron, ni Wechuli. Nimeongeza hili moja. Lenzi yangu haikuwa na vumbi.


Nairobi, 12 Septemba 2025

Kwa Shangazi Lornah,

Sina salamu za kutosha, kwa hiyo naanza hapo hapo. Omba Wechuli akusomee hii taratibu, na asiruke kitu.

Nilisimama mbele ya jopo jana. Nilivaa koti la Baba. Nilikuwa nimekaa na barua yako siku saba bila kumwonyesha mtu, nikijiambia kwamba nitetee kwanza. Nikaweka ukutani ukurasa wa kwanza, wenye ile alama ya tisini na tano, na nikashindwa kuusoma. Nikaitoa nailoni yako kwenye mfuko nikaibandika juu yake. Nikawaambia hii ni karatasi tupu, ina alama themanini na nane, na ni jicho la shangazi yangu. Nikawaeleza zile kumi na nne, na kusafisha, yote. Dkt. Njenga alitazama meza muda wote. Profesa mmoja mzee aliuliza kama mgonjwa yuko hai, nikasema yuko, tena mkali.

Wameniambia nirudi mwakani mwezi wa Machi. Dkt. Njenga hanipokei simu. Nimezirudisha zote kumi na nne na nimeiondoa ile hatua. Nimeacha kuhesabu nukta, sasa nahesabu mishipa iliyokosekana na wagonjwa waliokosekana, kama ulivyodhani tangu mwanzo. Kwa hesabu hiyo programu yangu inapata sitini na tatu. Kope zimerudi. Nimekaa nazitazama kope hizo na sina hasira nazo.

Niliipitisha 61. Imechora ule uzi wako, karibu wote, pale pale ulipouchora. Ulikuwepo tangu Machi ndani ya kompyuta yangu na niliufuta kwa mkono wangu, kwa mstari mmoja wa maagizo nilioandika nikifurahi. Sijui nikuombe msamaha kwa maneno gani. Nimeandika matatu nimeyakata. Naomba tu.

Halafu nikaipitisha 62, jicho lako la kushoto. Mwezi wa Aprili ilitoka safi, ndiyo maana sikuitaja. Jana bila kusafisha imechora kipande kifupi upande wa juu, karibu na mshipa mkubwa wa nje, kimejitenga na kujikunja kidogo. Wewe hukukichora. Nimekikuza mpaka macho yangu yanauma. Inawezekana ni kope. Inawezekana ni vumbi, Wechuli anisamehe. Sijui, na nimeamua kwamba kuanzia sasa nikiwa sijui nitasema sijui.

Mama nimeshampigia, atamaliza palizi na akina mama wa kanisani, na goti lake atakaa nalo kwenye kiti awasimamie. Mimi napanda basi Jumatano. Tarehe 18 saa moja asubuhi tutakaa kwenye lile benchi, wewe na mimi, na atakayepita akidhani umeleta mgonjwa nitamwambia mimi ndiye niliyeleta.

Labda ni kivuli tu. Tunaenda.

Byron